Kaburi la Bwege

Katika mji ule kaburi halichimbwi kwa jembe. Jembe hufungua udongo tu, likaenda zake. Kazi yenyewe hufanywa na maneno. Msomaji wa wasifu husimama ukingoni, akakohoa kidogo, akaanza kumtaja marehemu, na kila sifa inayomtoka ardhi huipokea na kujitanua kwa kadiri yake. Akisema marehemu alikuwa mkarimu, shimo huongezeka upana. Akisema alikuwa na busara, huongezeka kina. Kaburi la mtu ni ukubwa wa alichosemwa. Watu wa mji ule hawaoni ajabu yoyote. Walizaliwa wakakuta mambo yako hivyo, na sisi tunaotaka kucheka tujiulize kwanza ni mangapi tuliyoyakuta yamekaa kombo, nasi tukayaketia.

Alasiri waliyokwenda kumzika Mshindo jua lilikuwa limesimama. Hilo nalo ni la kawaida kule. Jua hungoja mpaka maiti afunikwe, ndipo liendelee na safari yake. Kwa hiyo hakuna aliyejua wamekaa pale tangu lini. Vivuli havikusogea. Wazee wengine walisinzia wakaota wao ni vijana, wakaamka wakakuta ni vijana kweli, wakaona haya mbele ya wajukuu zao, wakasinzia tena ili wazeeke.

Sikudhani, mke wa Mshindo, alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mbele, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Mkeka wa mbele hawapewi wote. Hupewa wafiwa wa kaburi kubwa, na kadiri shimo lilivyopanuka ndivyo watu walivyomsogeza mbele, mpaka akawa karibu na ukingo kiasi cha kuona udongo ukijichimba wenyewe. Mwanzoni alifarijika, tena sana, na asihukumiwe kwa hilo. Nani asiyependa mumewe asifiwe?

“Marehemu alikuwa nguzo,” alisema Msomaji. Hakushika karatasi. Wasifu aliuhifadhi kichwani, ule ule mmoja, akawavisha wote waliokufa. “Marehemu alikuwa mtu wa misimamo.”

Ardhi ikanguruma, ikaachia. Sikudhani akajaribu kukumbuka msimamo mmoja wa Mshindo, hata mdogo. Mshindo huyu, ambaye akiulizwa ale kisamvu au mlenda alikuwa akijibu kwamba hapendi kumuudhi mmoja wao, kwa hiyo waitwe wote. Hakuukumbuka msimamo. Akajiambia labda yeye ndiye hakuwa makini.

“Marehemu alikuwa mwenye busara nyingi.”

Hapo ndipo aliposhtuka. Alikuwa ameinama kidogo, ametaka kukichukua kicheko cha mumewe mahali alipokiweka, ndani kabisa ya kumbukumbu, ili kimliwaze, asikikute. Mahali pale palikuwa na busara. Imekaa, imekunja nne, inamtazama kama mgeni anayengoja chai. Akatafuta huku na huku. Kicheko hakipo. Alijua kwamba kilikuwepo, alijua kwamba kilianzia puani, lakini kujua si kusikia, na alichotaka yeye ni kukisikia.

“Marehemu alikuwa mchapakazi, mpenda maendeleo.”

Na mwavuli ukaanza kufifia. Paa la jiko lao lilikuwa likivuja juu ya mafiga. Mwanamume mwingine angepanda na bati. Mshindo alikuwa akichukua mwavuli, akasimama juu ya sufuria mvua yote, moshi ukimtoa machozi, akiiimbia sima nyimbo za harusi, na mvua ilipokatika yeye alikuwa chapachapa na sima ni kavu. “Ziba paa, mume wangu,” alikuwa akimwambia. Naye hujibu: “Nikiziba, mvua ikija nitafanya nini?” Sasa Sikudhani aliuona mwavuli lakini hakumwona aliyeushika. Kisha aliona mtu, na mtu huyo alikuwa kwenye paa, amebeba bati na nyundo, uso wake wa heshima. Hakumjua mtu yule. Alikuwa hajawahi kulala naye hata alasiri moja.

*

Alikuwa na pengo. Juu au chini? Juu. Kushoto. Au lile ni pengo la ndugu yake. Alikuwa akipiga chafya mara ngapi? Alikuwa akilala upande upi? Nililala upande wa ukuta, basi yeye upande wa mlango. Au mimi ndiye nililala upande wa mlango. Mungu wangu, wananinyang'anya. Wanampamba, na kila pambo wanalobandika chini yake kuna ngozi. Nikinyamaza nitarudi nyumbani na mume wa kwenye picha, na picha yenyewe si yake.

*

Haikuwa hivyo siku zote, na hapa simulizi lisimame kidogo, kwa kuwa jua nalo limesimama.

Zamani watu wa Mlimani, ndio hawa wa mji ule, walikuwa na watani wao, watu wa Bondeni. Mtu wa Mlimani akifa, watu wa Bondeni walifika msibani bila kualikwa. Walivaa nguo za marehemu. Walitembea mwendo wake, walikohoa kikohozi chake, walilala kaburini kabla yake wakalalamika kwamba pana baridi na hapakufagiliwa. Walimsema. Walisema alivyokuwa akificha nyama chini ya wali, alivyokuwa akiwakimbia kuku. Wafiwa walicheka wakalia, wakalia wakacheka, na shimo lilikuwa likienda na kurudi, likienda na kurudi, mpaka likamkaa mtu wake. Halafu wakatokea Wakuu wa Heshima. Hawa hawakupiga marufuku neno lolote, maana wakuu wenye akili hawapigi marufuku. Walilinyima kiti tu. Walisema msiba ni jambo zito, nalo lisemwe kwa mazito. Watani wakaambiwa wangoje nje. Wakangoja mpaka wakazoea kutokuja. Tangu hapo makaburi yakawa yanakua na hayarudi, yakala bustani za mchicha, yakala kiwanja cha mpira, na sasa mashamba ya mpunga ya mji ule yote ni mashimo ya watu wakubwa ambao hakuna anayewakumbuka.

Na neno lililonyimwa kiti kuliko yote ni ubwege.

Ubwege ni nini? Wapo wanaouchanganya na ujinga, na hao hawajawahi kukaa na bwege. Mjinga kuna kitu hajakijua. Ukimwambia, ujinga wake umekwisha. Mpumbavu ameambiwa, amekataa, na ana sababu zake zote mfukoni. Bwege ameambiwa, amekubali, amekushukuru, amekwenda, halafu amefanya vilevile, kwa sababu njiani alimwona kipepeo. Ubwege ni ulegevu wa fundo mahali ambapo wenzake wamekazwa. Mwenye nguvu analiogopa neno hili, lakini si kwa kuwa ni tusi. Matusi anayo ya kutosha na anayatoa yeye mwenyewe. Analiogopa kwa kuwa linamgusa mtu pale ambapo cheo hakifiki, penye tumbo, penye usingizi, penye mtu anayeongea na sufuria. Ndiyo maana neno lenyewe lilikimbilia jikoni na chumbani, likaishi huko kwa sauti ya chini, na watu waliopendana wakaendelea kuitana hivyo milango ikiwa imefungwa.

*

Msomaji alipomaliza, shimo lilikuwa ukumbi. Wabebaji walishuka na jeneza kwa ngazi. Walikaa huko. Waliporudi walikuwa wanahema, mmoja wao ameota mvi, na wakasema wamemweka, ila hawana hakika wamemweka wapi, maana hawakuona ukuta wa pili.

Sikudhani akainuka kwenye mkeka wa mbele. Watu walidhani anataka kuzimia, wakamkinga kwa mikono. Akaipita mikono. Akashuka ngazi yeye mwenyewe, akatembea gizani akipapasa, mpaka mguu wake ukagonga mbao. Jeneza la mumewe lilikuwa limewekwa kwenye kipembe, dogo, limeachwa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Akainama akaligusa. Juu yake kulikuwa na utupu mkubwa uliosifika, na upepo ulikuwa ukivuma humo. Alilia pale kwa mara ya kwanza tangu Mshindo afe. Alilia kwa hasira. Mshindo alikuwa hawezi kulala chumba kikubwa. Walipolala ugenini kwa watu wenye nyumba kubwa, alivuta kabati likamsogelea.

Alipanda tena. “Mtoeni,” alisema.

Mkude, mdogo wake Mshindo, msemaji wa ukoo, alimsogelea akiwa ameshika mikono nyuma. Mkude alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata alipolala.

“Shemeji, tulia. Uchungu huo.”

“Mtoeni, shemeji. Kaburi hili halimtoshi.”

“Halimtoshi? Linamtosha na kubaki!”

“Ndiyo ninayosema. Linabaki. Atapotea humu.”

“Watu watatuelewaje? Ukoo wetu haujawahi kupata kaburi kama hili. Tumepewa mkeka wa mbele, Sikudhani. Watoto wetu watautaja.”

“Watamtaja nani? Mimi mwenyewe simkumbuki tena. Nimeanza kumsahau hapa hapa, nikiwa nimekaa. Shemeji, nakuomba. Mtoeni kabla pua yake haijaniponyoka.”

Wabebaji wakamtazama Mkude, wakamtazama mjane, wakashuka, kwa kuwa kule mjane hakataliwi kabla ya jua kuondoka. Walipoliweka jeneza ukingoni watu walikwisha kuanza kunong'ona, na mnong'ono ukamfikia Mkude shingoni. Akageuka, macho yamemwiva.

“Unataka tumzikeje, basi? Unataka tuseme ukweli? Nani hapa hajui kwamba ndugu yangu alikuwa bwege?”

Alilitema. Lilitoka na miaka yote aliyotembea nyuma ya kaka yake akiomba radhi kwa watu. Na ardhi, ambayo haina upendeleo, ikalipokea. Ukumbi ukafunga kwa kishindo, kuta zikakutana, vumbi likapanda. Na lilipotua, pale ukingoni palikuwa na kishimo cha kupandia kiazi.

Mkude alikitazama kishimo kile. Alikuwa hakukusudia. Alimpenda kaka yake, sema tu alimwonea aibu, na mtu anaweza kuvibeba viwili hivyo miaka mingi asijue kipi kinamlemea. “Sikusema hivyo,” alinong'ona. “Yaani, nilisema, lakini sikusema hivyo.”

Msomaji akakohoa, akaanza upya. Nguzo, misimamo, busara. Shimo likaanza tena kunguruma, na Sikudhani akaelewa kwamba mbele yake kuna njia mbili tu, ukumbi na kishimo, na kwamba zote mbili ni za kumpoteza. Akamkatiza.

“Alikuwa bwege,” alisema naye, kwa kujaribu. Alilisema kwa upole kadiri alivyoweza, akiwaelekea watu.

Ardhi haikwenda wala haikurudi. Haikusikia kitu. Na kweli, alikuwa amelisema vibaya. Neno lile halisemwi kumhusu mtu; likisemwa kumhusu mtu linakuwa ama tusi ama maelezo. Nyumbani kwake hakuwahi kusema kwamba Mshindo ni bwege. Alimwambia Mshindo, usoni, mahali fulani, baada ya kitu fulani. Kulikuwa na kitu kilichotangulia. Kulikuwa na sauti mlangoni. Akafumba macho akaitafuta sauti hiyo na akakuta wasifu.

*

Ndipo kukatokea mtu kwenye njia ya makaburi, anakuja mbiombio, kisha polepole, kisha mbiombio.

Alikuwa amevaa shati la Mshindo, lile la maua, tena amelivaa nje ndani. Alikuwa ameshika mwavuli, ameufungua chini ya jua kavu. Alitembea kwa kurusha mguu wa kushoto pembeni, kama mtu anayempisha kuku, na Sikudhani alihisi moyo ukimpiga kofi kwa ndani. Wazee waliosinzia wakaamka. Mmoja wao akasema kwa sauti, “Mtani!” na neno hilo lilikuwa halijasemwa makaburini tangu alipokuwa kijana mara ya kwanza.

Alikuwa Mwavita, mwanamke mwenye asili ya Bondeni, jirani yao wa ukuta mmoja, anayekaanga maandazi.

“Hilo shati umelitoa wapi?” Mkude aliuliza.

“Kwenye kamba. Nimelianua. Mngeliacha linyeshewe?” Mwavita hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye shimo, akalizunguka akilikagua, akafunga mwavuli, akaufungua, akafunga. Halafu akaugonga udongo kwa kishikio chake, ko ko ko.

“Hodi hapa!”

Msomaji akafungua mdomo. Mzee mmoja akamshika mkono.

“Hodi hapa, wenyewe! Mimi mgeni, nimepotea. Nimeulizia njiani, wakaniambia nyumba hii yuko mwanamke mzuri, mkali, anapika mlenda. Ndiyo hapa?”

Kila jioni. Kila jioni Mshindo alibisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, ufunguo ukiwa mfukoni, na kujitambulisha kwa mkewe kama mgeni aliyepotea. Siku walizonuniana alibisha. Siku mama yake alipofariki alibisha, kwa sauti iliyopasuka, lakini alibisha. Mtaa mzima ulisikia. Mwavita alikuwa akiepua karai ili asikose. Sikudhani alikumbuka yote hayo kwa mpigo mmoja.

Lakini watu walikuwa wakimtazama. Mkeka wa mbele ulikuwa pale nyuma yake. Akijibu, wote watajua jinsi walivyoishi yeye na mumewe, watu wazima, wakicheza mlangoni; watajua kwamba nyumba ya mtu waliyemwita nguzo ilikuwa imesimama juu ya upuuzi mtupu. Hatapewa mkeka ule tena. Alimtazama Mkude. Mkude alikuwa analia, kamasi zinashuka kwenye shati lililopigwa pasi, na alitikisa kichwa kidogo kumwambia endelea.

“Mlenda umekwisha,” Sikudhani alisema.

“Basi nitakula sufuria.”

“Sufuria tumeazimisha.”

“Basi nitakaa tu nikutazame, mpaka nishibe.”

Sikudhani alicheka. Kicheko kilianzia puani, na hakikuwa chake. Kilikuwa kile kile alichokitafuta, kumbe kilikuwa kimejificha humu humu, katika kucheka kwake yeye. Alilielekea jeneza, siyo watu, siyo Mwavita.

“Ingia, bwege wewe,” alisema. “Umechelewa.”

Udongo ukashusha pumzi. Shimo likajinyoosha taratibu, likajikunja mahali pa magoti, likaongeza nafasi kidogo upande wa kushoto kwa ajili ya ule mguu, likakoma. Walimshusha Mshindo bila ngazi, na alikaa humo kama alivyokuwa akikaa kitandani, pasipo kubaki hata upana wa kiganja. Wazee walitupa udongo wakicheka na kufuta macho. Jua likaondoka.

*

Watu walipita kumpa mjane pole. “Wewe ni mama mvumilivu,” alisema wa kwanza. “Mwanamke wa mfano,” alisema wa pili. “Nguzo iliyobaki,” alisema Msomaji, ambaye hakuweza kujizuia. Sikudhani aliitikia, alishukuru, na kwa kila neno alihisi ardhi ikilegea chini ya nyayo zake. Alitazama chini. Palikuwa na ufa mwembamba, unaenea, unampisha. Akaelewa akiwa amesimama pale pale. Mshindo, aliyekuwa akimwita yeye naye bwege kila alipomjibu kwamba mlenda umekwisha hali unachemka, yuko chini ya udongo. Hakuna mwingine duniani aliyebaki wa kumwita hivyo. Siku yake ikifika atatupwa ukumbini.

Hofu ilimshika, akashindwa kuinua mguu.

Mwavita alikuwa amemaliza kulivua lile shati alilolivalia juu ya gauni, amelikunja, amelishindilia kwapani pamoja na mwavuli. Alitangulia hatua chache, akageuka.

“Umesimama hapo unangoja nini? Mpaka nikubebe? Twende, bwege wewe, jioni hii mlenda napika mimi.”

Udongo ukakaza. Sikudhani alijifuta pua kwa ncha ya kanga, akamfuata.